Mbona kijijini elimu bado inaonekana chini?

Kila matokeo ya sensa yakitoka tunaulizwa swali lilelile, shule zimejengwa kila kata, mbona kijijini elimu bado iko chini? Jibu lake haliko shuleni peke yake.

Sensa inarekodi kiwango cha elimu ulichofikia, ila unahesabiwa pale ulipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwa kawaida pale unapoishi, na sio pale uliposomea. Chukulia binti wa Namtumbo kule Ruvuma kasoma mpaka kidato cha nne shule ya kata, akaenda kumalizia cha sita Songea, chuo Dodoma, kazi akapata Dar. Digrii yake inahesabiwa Dar, na kaka yake aliyeishia la saba akabaki na shamba ndo anahesabiwa nyumbani, yani Namtumbo imemsomesha mtu halafu kwenye jedwali haionekani!

Halafu kuna umri, na hapa ndo wengi wanapotea. Ukisema "watu wazima wa kijijini" umemchanganya bibi aliyekua enzi za mkoloni shule zikiwa za kuhesabika, na mjukuu wake wa miaka 20. Azimio la Musoma la 1974, lile la elimu ya msingi kwa wote, lilisukuma watoto wengi sana wa vijijini mpaka la saba, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache mno, kwahiyo pengo la mjini na kijijini halikuisha, lilipanda tu ngazi likahamia sekondari. Ikaja MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ada ya msingi ikafutwa, ikaja MMES (mpango kama huo wa sekondari) na shule za kata, sekondari zikatoka 1,745 mwaka 2005 mpaka zaidi ya 4,000 mwaka 2010, na Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne nayo ikaondoka. Kwa vijana tofauti kubwa sasa hivi iko juu zaidi, nani anafika cha sita na chuo, na kwa maoni yangu hapo walimu wa sayansi na hesabu wana uzito kuliko majengo.

Na mipaka yenyewe ya mjini na kijijini inahama. Watanzania waliokuwa mjini 2012 walikuwa kama asilimia 30, sensa ya 2022 ikawa karibu 35. Sio wote walihamia, vijiji vingine vya barabarani vimekua mpaka vikawa miji, vikaondoka na watumishi na wafanyabiashara wao, wanaobaki upande wa "kijijini" ni wale wa mbali kabisa.

Kwahiyo ukiletewa jedwali la mjini na kijijini, omba kwanza la vijana wa miaka 20 mpaka 24 peke yao, na kama lipo, la mahali walipozaliwa.