Mr. Bad Guy haikuivunja Queen

Kila inapokaribia Septemba 5, siku aliyozaliwa Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen, pale Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, husimuliwa upya hadithi ileile: kwamba Freddie aliwasaliti wenzake kwa kurekodi albamu ya peke yake, Mr. Bad Guy, kundi likasambaratika, albamu ikaanguka, naye akarudi kuomba radhi kabla ya Live Aid, tamasha kubwa la hisani la mwaka 1985. Kazi yangu ni kumiksi muziki, na nimechoka kuisahihisha hadithi hii, hasa tangu Bohemian Rhapsody, filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake, ilipoipa nguvu isiyostahili.

Tarehe zenyewe zinaikanusha. Wenzake wa Queen walitangulia kutoa kazi zao wenyewe: mpiga ngoma Roger Taylor alitoa albamu ya Fun in Space mwaka 1981 na albamu nyingine mwaka 1984. Mpiga gitaa Brian May alitoa Star Fleet Project mwaka 1983. Freddie ndiye aliyechelewa. Mr. Bad Guy ilitoka mwishoni mwa Aprili 1985, na mwezi Mei Queen wote wanne walikuwa jukwaani Japani. Live Aid ilifanyika Julai 13.

Kuhusu kuanguka, nchini Uingereza albamu ilifika nafasi ya 6 kwenye chati. Marekani iliishia nafasi ya 159, na hilo halifichiki, lakini huko Queen wenyewe walikuwa wameanza kupoteza wasikilizaji tangu albamu yao ya Hot Space ya mwaka 1982.

Linalonikera zaidi ni madai kwamba albamu ni dhaifu kwa sababu sauti ya Freddie haisimami bila gitaa la May. Ilirekodiwa Musicland, Munich, pamoja na prodyuza Reinhold Mack, studio na prodyuza ambao Queen walikwisha kufanya nao kazi. Kwa hiyo tofauti tunayoisikia haikuletwa na chumba wala mitambo, bali na mpangilio wa vyombo. Sikiliza wimbo wa albamu hiyo, I Was Born to Love You, ya mwaka 1985, kisha ile ambayo Queen waliitoa mwaka 1995 katika albamu ya Made in Heaven, miaka minne baada ya kifo chake. Vokali, yaani sauti ya uimbaji iliyorekodiwa, ni zilezile. Katika ya kwanza, sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki) zimejaa katika masafa ya sauti ya katikati, mahali hasa ambapo sauti ya mwimbaji inahitaji nafasi, na kwa masikio yangu Freddie anasukumana nazo tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ya pili, gitaa linamngoja amalize mstari ndipo liitikie. Mimi huipenda zaidi ya pili, ingawa siwezi kuapa kwamba ninachokipenda ni ubora wake na si mazoea ya miaka mingi ya kuwasikiliza Queen.

Kama tatizo lingekuwa sauti, wimbo wa Mr. Bad Guy wenyewe usingesimama, kwani umebebwa na okestra kamili, naye anaimba juu yake kwa nafasi tele. Vilevile Living on My Own, wimbo mwingine wa albamu hiyo, iliyopita bila kishindo mwaka 1985, isingeshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1993 baada ya kumiksiwa upya kwa ajili ya kumbi za dansi. Waliobadilisha mdundo hawakuwa na Freddie wa kumrudisha studio. Walitumia vokali zilezile zilizodharauliwa miaka minane kabla.