Tani za Gesi ya Volkeno Hupatikanaje?

Kila Mlima Karthala wa Ngazija unapotajwa kwenye habari, wakazi wa Mombasa wenye jamaa Komoro hutaka kujua unatoa gesi kiasi gani. Jibu hutegemea sana njia iliyotumika kupima, kwa kuwa kila njia hupima kitu chake.

Njia kongwe ni kuichota gesi inapotokea: mtaalamu huchomeka bomba kwenye ufa wa moto, gesi ikaingia ndani ya chupa iliyotolewa hewa na kutiwa mmumunyo wa soda kostiki. Hakuna njia inayoeleza vizuri zaidi mchanganyiko wa gesi hizo, lakini haisemi zinatoka tani ngapi kwa siku, na hatari yake ni kubwa. Januari 1993 mlima Galeras wa Kolombia ulilipuka wanasayansi wakiwa kwenye kasoko, na 6 kati yao wakafa.

Kwa hesabu ya tani, tegemeo ni spektrometa, chombo kinachochambua mwanga. Dioksidi ya salfa hufyonza miali ya urujuanimno ya jua, hivyo chombo kikipitishwa chini ya wingu la gesi kwa gari au mashua huonyesha kiasi kilichoko juu yake, kisha kiasi hicho huzidishwa kwa kasi ya upepo. Udhaifu mkubwa uko hapo. Upepo ukikosewa kwa theluthi, tani nazo zimekosewa kwa theluthi, hata chombo kiwe bora namna gani; na kusi ipimwayo ufuoni siyo inayosukuma wingu kwenye kilele cha mita 2,361.

Setilaiti huona milipuko mikubwa, kama ule wa Pinatubo wa 1991, ila gesi kidogo iliyo chini ya mawingu huipita bila kuiona. Kwa Karthala, kwa maoni yangu, spektrometa za kudumu mlimani zitangulie, setilaiti ifuate kuhakiki.

Kaboni dioksidi ni ngumu zaidi, maana tayari imejaa hewani, zaidi ya sehemu 400 katika kila milioni. Hukadiriwa kwa kupima uwiano wake na dioksidi ya salfa ndani ya wingu, kwa hiyo kosa la upepo huhamia huku pia. Ile inayotuama mabondeni karibu na Goma, ambayo wenyeji huiita mazuku na ambayo huua watu na mifugo, haionekani na chombo chochote cha angani: hupimwa kwa kifaa cha mkononi, karibu kabisa na ardhi, hasa alfajiri kabla upepo haujaitawanya.