Je, wajua ni kwa nini Ibn Battuta alilifananisha zambarau na zeituni?

Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, akapitia Mogadishu na Mombasa hadi Kilwa. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya malimau na ya maembe. Mombasa nako alikuta tunda ambalo, kwa jinsi alivyolieleza, haliwi jingine ila zambarau: alisema linafanana na zeituni, na kokwa lake ni kama la zeituni, isipokuwa lenyewe ni tamu mno. Embe alilieleza kuwa ni kama tufaa lenye kokwa. Msomaji wa Mombasa huenda akacheka, kwa kuwa zambarau amelijua tangu utotoni, ilhali zeituni pengine hulionea dukani tu.

Maelezo hayo, hata hivyo, hayakukusudiwa watu wa Mombasa. Ibn Battuta aliyasimulia mjini Fez, kwao Moroko, kwa amri ya Sultani Abu Inan, huku mwandishi kutoka Granada aitwaye Ibn Juzayy akiyanakili na kuyapamba, na kazi ya kusimulia ikamalizika Desemba 1355. Watu wa Fez walikuwa na mizeituni kila upande na hawakuwa wameona mzambarau. Msimulizi hana njia ya kumtia msikilizaji ladha mdomoni. Awezalo ni kuchukua kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukila, kisha kukirekebisha kidogo kidogo: ongeza utamu hapa, weka kokwa pale. Pasipokuwa na kitu kimoja cha kulinganisha, huunganisha vipande. Ndivyo alivyofanya kwa nazi, akaifananisha na kichwa cha mtu, chenye kitu kama macho mawili na mdomo, na makumbi yaliyo mfano wa nywele.

Njia hiyo ina hatari yake, na aliyeieleza vizuri kuliko wote ni mwanahistoria Ibn Khaldun, ambaye aliishi Fez katika zama hizo. Habari za ukarimu wa mfalme wa India, ambaye inasemekana alirushia watu mifuko ya fedha kwa manjaniki, yaani mtambo wa vita wa kurushia mawe, ziliwafanya wengi wanong'one kwamba Ibn Battuta ni mwongo, na Ibn Khaldun mwenyewe akaelekea kuamini hivyo. Waziri mmoja alimwonya Ibn Khaldun asikanushe habari kwa kuwa tu hajayaona mambo yenyewe, akampa kisa cha waziri aliyefungwa miaka mingi pamoja na mwanawe, na mtoto akakulia gerezani. Siku moja mtoto aliuliza nyama wanayokula ni ya nini. Baba akamweleza kondoo kwa umbo na sifa zake zote, naye mtoto akauliza kama mnyama huyo ni mfano wa panya. Baba alikataa kabisa, lakini walipofika kwa ng'ombe na ngamia swali lilirudi lile lile, kwani gerezani mtoto hakuwa amepata kuona mnyama mwingine.

Kwa maoni yangu kisa hiki kinamfaa msimulizi zaidi ya kumfaa msikilizaji mwenye shaka, maana baba yule alikuwa mkweli, na maelezo yake yalikuwa kamili, lakini hakuwa na pa kuyaegemeza.

Linganisha na pale Ibn Battuta alipoieleza misikiti ya Mombasa, jambo ambalo watu wa Fez walikuwa nalo kwao. Alisema imejengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Kwamba penye milango yake pana visima, na maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba chenye urefu wa dhiraa moja. Na kwamba anayetaka kuingia huosha miguu, kisha huifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Hapo hakuhitaji zeituni wala tufaa, na nafasi aliyoiokoa aliitumia kupima urefu wa mpini wa kata.