Kabla Hujapanda Basi la Desemba, Funga Maji

Kila Desemba, Dar es Salaam inapohamia Moshi na Arusha, simu ya fundi bomba haipumziki. Watu huongeza kufuli getini na kumwachia jirani funguo, ila maji huwa hawayakumbuki. Mwizi akichukua televisheni, walau halowanishi dari ya mpangaji wa chini.

Tatizo kubwa ni mgawo. Asubuhi ya safari bomba limekauka; mtu anafungua koki, inakoroma tu, anaiacha hivyo hivyo na kukimbilia Stendi ya Magufuli. Maji yanarudi usiku, mwenye nyumba yuko Rombo. Usiku huohuo presha hupanda kwa kuwa mtaa mzima umelala, na ndipo ule mpira wa chini ya sinki, uliochoka siku nyingi, unapopasuka.

Kwa hiyo funga koki kuu iliyo karibu na mita. Kama una simtanki juu, funga na koki ya kutokea kwenye tangi, maana lita 1,000 au 2,000 zilizomo zitashuka zenyewe hata mita ikiwa imefungwa. Pampu inayojiwasha izimwe kwenye swichi. Ikizunguka bila maji, inaungua.

Jioni ya kuamkia safari, kabla hujafunga chochote, jaza tangi, hakikisha hakuna bomba linalotiririka, halafu inamia mita na tochi. Kwenye mita nyingi kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota. Kikizunguka, hata kwa kusuasua, bomba linavuja kati ya mita na tangi, au boya la tangi halifungi. Uvujaji wa baada ya tangi mita haikuonyeshi haraka, na huko mimi humshuku choo kwanza. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiflashi, subiri nusu saa. Bakuli likibadilika rangi, mchawi umempata.

Mende nao wana njia yao. Chini ya kila sinki bomba limepinda ili libakize maji yanayozuia harufu na wadudu. Ukiwa safarini wiki kadhaa, kwa joto la Dar maji hayo yanakauka. Mimina kikombe cha maji, na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia. Yanaelea na kuchelewesha ukaukaji. Tundu la sakafuni bafuni usilisahau.

Jokofu ukiliacha linawaka, nunua uniti za LUKU za kutosha. Vinginevyo toa kila kitu, lichomoe, mlango uache wazi.

Ukirudi, fungua koki kuu polepole huku bomba la nje likiwa wazi. Hewa itatoka kwanza, kisha maji ya kutu. Yaishie nje huko huko, yasifike kwenye hita ya bafuni.