Je, wajua? "A cappella" haimaanishi "bila vyombo"

Kwa miaka mingi niliwaambia wanakwaya wenzangu kwamba katika "a cappella", jina la uimbaji usio na vyombo, ile "a" ni "bila" na "cappella" ni vyombo vya muziki. Nilikosea yote mawili. Katika Kiitaliano, "a" hapa ni "kwa namna ya", na cappella ni kikanisa. Basi ni uimbaji wa namna ya kikanisani. Vyombo havikutajwa kabisa.

Tena vyombo vilikuwepo. Katika karne ya 16, makanisa mengi ya Italia yalipiga kinanda au tarumbeta zikifuata sauti za waimbaji noti kwa noti. Kwaya ya Papa katika Kikanisa cha Sistina, Roma, ndiyo iliyojitenga: iliimba bila hata kinanda. Karne ya 19 wapenzi wa muziki wa kale wakadhani desturi ya Sistina ilikuwa ya kila mahali, na maana ya "bila vyombo" ikaota mizizi. Leo ndiyo maana halali ya akapela, sibishani nayo. Asili yake tu ni nyingine.

Na asili yenyewe ni nguo! Cappa ni joho, cappella ni kijoho. Inasimuliwa kwamba Martino, askari wa Kirumi huko Amiens, Ufaransa ya leo, alikata joho lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Baadaye wafalme wa Wafranki, watu waliotawala huko, walitunza joho lililoaminiwa kuwa lake. Kwamba ndilo lenyewe, hilo ni la imani zaidi kuliko ushahidi.

Nguo iligeukaje wimbo? Fikiria neno letu baraza. Ni pale nje ya nyumba watu wanapoketi kuzungumza. Kisha likawa mazungumzo yenyewe. Kisha wazungumzaji, hadi tukapata Baraza la Mawaziri ambalo halikai kibarazani. Cappella ilipita njia hiyohiyo: kijoho, chumba kilichokihifadhi, kila kikanisa, halafu wanamuziki wa humo, mwisho namna yao ya kuimba.

Hatua ile ya wanamuziki bado inaonekana katika cheo cha maestro di cappella, yaani mkuu wa wanamuziki wa kanisa. Mtunzi wa muziki Claudio Monteverdi alikipata mwaka 1613 katika Kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, na waliokuwa chini yake walikuwa waimbaji pamoja na wapiga vyombo.