Nafasi isiyoonekana kwenye VCF haimaanishi kwamba kimelea hakina badiliko

Nimeletewa tena rasimu ya ripoti inayodai kwamba sampuli zote za malaria kutoka eneo fulani hazina badiliko la kijenetiki la R561H. Nilipouliza hitimisho hilo limetoka wapi, nikajibiwa kwamba faili la VCF, yaani orodha ya mabadiliko ya DNA yaliyopatikana katika sampuli, halina mstari wowote kwenye nafasi hiyo. Jibu hili nimelisikia kwa wanafunzi, kwa watafiti wenye uzoefu, na hata kwa watu ambao ushauri wao huamua ni dawa gani zinunuliwe, na sioni tena sababu ya kulijibu kwa barua fupi moja moja.

R561H ni badiliko katika jeni ya kelch13, iliyo kwenye kromosomu ya 13 ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Uhusiano wa jeni hiyo na usugu dhidi ya dawa ya artemisinini ulibainishwa kwa vimelea vya Kambodia, katika utafiti uliochapishwa kwenye jarida mwaka 2014. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba R561H imeonekana na kuenea nchini Rwanda, na baadaye ikaonekana pia mkoani Kagera, huku kaskazini mwa Uganda yakiripotiwa mabadiliko mengine ya jeni hiyohiyo, A675V na C469Y. Kwa kuwa dawa mseto yenye artemisinini ndiyo tegemeo letu karibu lote katika kutibu malaria isiyo kali, neno "hakuna" katika ripoti ya aina hii ni neno zito, na anayeliandika anapaswa kuwa ameona ushahidi wa kutokuwepo.

Hatua za kawaida sizielezi: vipande vya DNA vilivyosomwa hupangwa juu ya jenomu rejea, yaani ile ya kulinganishia, kwa programu ya BWA, hupangiliwa kwa SAMtools, na mabadiliko hutafutwa kwa GATK au bcftools. Kinachosahaulika ni kwamba faili la VCF, likitengenezwa kwa njia ya kawaida, huorodhesha nafasi ambazo programu imeona tofauti na jenomu rejea, na kuziacha nyingine zote. Nafasi iliyoachwa inaweza kuwa imesomwa na vipande 80 vyote vikikubaliana na rejea, au inaweza kuwa haikusomwa na kipande hata kimoja. Ukilitazama faili lenyewe, hali hizo mbili hazina tofauti yoyote.

Kwa jenomu ya binadamu iliyosomwa kwa kina kizuri, yaani kila nafasi ikiwa na vipande vingi, kosa hili huenda lisikuumize sana. Kwa falciparum linaumiza. Karibu asilimia 80 ya herufi za jenomu yake ni A na T, jambo linalosumbua uzidishaji na usomaji wa DNA, na sampuli zetu nyingi ni matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambamo DNA ya mgonjwa huimeza ile ya kimelea. Tunalazimika kuizidisha DNA ya kimelea kabla ya kuisoma, na uzidishaji huo haugawanyiki sawasawa: jeni moja hupata mamia ya vipande, na jirani yake hupata vitatu.

Kinachonikera zaidi ni chaguo moja dogo katika amri ya bcftools merge, lile la -0, ambalo huiambia programu ichukulie kwamba kila jenotaipu (jibu la sampuli kwenye nafasi fulani) isiyokuwepo ni 0/0, yaani sawa na rejea. Sampuli zinapounganishwa bila chaguo hilo, mahali pasipo na taarifa hubaki ./. na jedwali hujaa nukta, na wengi hawapendi jedwali lenye nukta, kwa sababu programu zinazofuata hulalamika na michoro hukataa kuchorwa. Basi wanaongeza -0, nukta zinatoweka, na kuanzia hapo sampuli ambayo haikusomwa kabisa inahesabiwa kuwa sampuli iliyosomwa na kuonekana salama. Waliounda programu wameeleza wazi kwamba huo ni udhanifu. Tatizo ni sisi tunaoutumia na kisha kuuandika kama matokeo ya maabara. Chukua mfano wa sampuli 100 ambapo 6 zina badiliko na 40 hazikusomwa mahali hapo: ripoti itasema asilimia 6, wakati waliopimwa ni 60 na jibu linalostahili ni asilimia 10.

Tena, dhana kwamba "sawa na rejea" maana yake ni "haina usugu" si ya kweli kwa kila jeni. Jenomu rejea tunayoitumia, iliyochapishwa mwaka 2002, ni ya 3D7, kimelea kimoja cha maabara, na hakuna aliyekichagua kwa sababu kinauawa na kila dawa. Katika jeni ya dhps, kwenye kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) ya 437, 3D7 yenyewe ina asidi amino ya glisini, ambayo ndiyo alama ya usugu dhidi ya sulfadoksini, mojawapo ya viambato viwili vya dawa ya SP wanayopewa wajawazito kliniki. Mtu anayejaza 0/0 kila mahali, kwa hiyo, anapunguza usugu kwenye kelch13 na wakati huohuo anauongeza kwenye dhps 437, ndani ya jedwali moja, kwa amri moja. Nimeona majedwali ya namna hiyo yakijadiliwa kwa dakika nyingi bila mtu yeyote kuuliza kina cha usomaji kilikuwa kiasi gani.

Dawa yake si ngumu. Tengeneza GVCF, inayohifadhi pia taarifa za nafasi zisizo na badiliko, au ilazimishe programu itoe jibu kwa kila kodoni unayoihitaji, kisha soma DP, yaani kina cha usomaji, kabla ya kusoma jenotaipu. Kila asilimia iandikwe pamoja na idadi ya sampuli zilizosomwa vya kutosha mahali hapo.

Hapo kwenye "vya kutosha" ndipo na mimi ninaposita. Wengi huweka kikomo cha vipande 5, na nijuavyo mazoea yamechangia kukiweka kuliko hesabu. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mgonjwa mmoja mara nyingi hubeba koo kadhaa za vimelea. Ikiwa asilimia 20 ya vimelea vyake vina badiliko na nafasi imesomwa na vipande 5, uwezekano wa kutoliona kabisa ni 0.8 kwa kipeo cha 5, karibu asilimia 33. Kwa vipande 20 unashuka hadi asilimia 1 hivi. Kikomo cha 20, hata hivyo, hutupa sampuli nyingi, na zinazotupwa hasa ni zile zenye vimelea vichache, ambazo mara nyingi hutoka kwa watu wazima wenye kinga. Iwapo vimelea vyao vinatofautiana na vya watoto waliolazwa, basi hata ile asilimia 10 ya mfano wangu imepinda, na sijui njia ya kuinyoosha kwa data iliyokwisha kukusanywa.

Kwa jeni ya hrp2 kosa hilohilo linaelekea upande wa pili. Vimelea vilivyopoteza jeni hii vinaweza kukwepa vipimo vya haraka vinavyotafuta protini yake, na Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadili kipimo pale majibu hasi ya uongo yanayotokana na upotevu huo yanapofikia asilimia 5 ya wagonjwa. Hapa kukosa vipande ndiyo dalili yenyewe tunayoitafuta, lakini sampuli iliyoshindwa kusomwa nayo hukosa vipande. Katika sampuli 100, zile 3 zilizopoteza jeni kweli zikichanganywa na 4 zilizoharibika, tutapata 7 na kikomo kitakuwa kimevukwa. Upotevu nitaukubali pale tu jeni nyingine za sampuli hiyohiyo zimesomwa vizuri, na kina kinashuka ghafla kwenye mpaka unaoonekana. Hata hapo ninaangalia ubora wa upangaji, kwa kuwa jeni nyingine, hrp3, inafanana sana na hrp2, na BWA ikikuta kipande kinachoingia sehemu zote mbili sawasawa, hukiweka mojawapo kwa bahati na kukipa ubora wa 0. Vipande vichache vya namna hiyo vinatosha kufanya jeni iliyopotea ionekane ipo.