Jalidi ya Kitulo na Ardhi Iliyoganda: Dhana Potofu na Ukweli

Mwezi Juni na Julai, jalidi inapotanda juu ya nyasi za Kitulo na kuunguza majani ya viazi mashambani Makete, wengi wetu wa nyanda za juu kusini husema kwamba ardhi imeganda. Kwa mazungumzo ya kawaida kauli hiyo haina ubaya, lakini imezaa dhana potofu kuhusu ardhi iliyoganda kwa kudumu, ile inayochunguzwa na wanasayansi katika milima mirefu duniani.

Dhana ya kwanza ni kwamba penye jalidi pana ardhi iliyoganda. Ukweli ni kwamba ardhi iliyoganda kwa kudumu ni ile ambayo joto lake limekaa kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka miwili mfululizo. Jalidi yetu huja usiku anga likiwa jeupe na upepo umetulia. Jua likishapanda huyeyuka, na anayechimba kwa jembe hukuta udongo wenye unyevu tu. Milima yetu ya Rungwe na Mtorwi haifiki hata mita 3,000, hivyo ni mifupi mno kuwa na ardhi ya namna hiyo. Hapa nchini pa kuitafuta ni karibu na kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, ambako watafiti wameikuta kwa vipande vipande.

Wapo pia wanaodhani kwamba ardhi hiyo na barafu ya mlimani ni kitu kimoja. Si hivyo: hata mwamba mkavu usio na barafu huhesabiwa kuwa ardhi iliyoganda, kwa kuwa kipimo ni joto. Hata hivyo, barafu ikiwamo ndani ya nyufa, huushikilia mwamba, na ikidhoofika mwamba huweza kuachia. Wakati wa joto kali la mwaka 2003 mawe mengi yaliporomoka katika milima ya Alps, ukiwamo Matterhorn. Mwaka 2017 mlima Piz Cengalo, Uswisi, ulimomonyoka kwa takriban mita za ujazo milioni 3, watu 8 wakapoteza maisha, na tope likafika kijiji cha Bondo. Kuyeyuka kwa ardhi ya namna hii hutajwa miongoni mwa sababu, ingawa si sababu pekee.

Theluji nayo hudhaniwa kuwa huipoza ardhi daima. Lakini ikiwahi kuanguka ikiwa nene kabla ya baridi kali, huifunika kama blanketi na kuzuia joto la kiangazi lisitoke. Ndiyo maana kipimajoto cha hewani hakitoshi: huko Murtèl-Corvatsch, Uswisi, kisima chenye kina cha mita 58 kilichimbwa mwaka 1987, na vihisi vilivyoshushwa humo hupima joto la kila kina.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi ni kupuuza tarakimu ndogo. Kati ya mwaka 2007 na 2016, joto la ardhi hiyo milimani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 0.19 tu. Lakini barafu inapokaribia sifuri hufyonza joto jingi bila kipimajoto kupanda: kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo watafiti hupitisha pia umeme ardhini. Barafu huzuia mkondo kuliko maji, na kizuizi hicho kinapopungua mwaka hadi mwaka, wanajua kwamba barafu inapungua hata kama vihisi vya kisimani bado vinasoma karibu na sifuri ileile.